Kuijua daiodi kwa kuipima: mbele, kinyume, na pale inapovunjika

Taa nyingi za dagaa zinazoletwa kwa mafundi wa Kigoma mjini hazijaharibiwa na maji wala uzee. Zimeharibiwa na waya. Usiku ziwani mtumbwi unayumba, mtu anabadilisha betri kwa kupapasa, waya mwekundu unaenda hasi na mweusi unaenda chanya, na papo hapo saketi ya LED iliyonunuliwa juzi inaungua. Daiodi moja ya bei ndogo ingeiokoa.

Lakini daiodi gani? Ikae wapi? Na itakula volti ngapi za betri usiku kucha? Maswali hayo hayajibiwi na ile sentensi tuliyoikariri sote, kwamba daiodi hupitisha umeme upande mmoja tu. Sentensi hiyo ni nusu ya ukweli. Ikiwa mbele, daiodi hupitisha umeme lakini hukata volti zake kwanza. Ikiwa kinyume, huzuia lakini huvuja kidogo. Ukiisukuma kinyume kupita kiwango chake, hufunguka na kupitisha yote. Mambo haya yote yana namba, na namba hizo unaweza kuziona mwenyewe kwa mita ya bei rahisi.

Mwongozo huu ni wa fundi anayeanza, na wa mwanafunzi wa kidato cha nne aliyefika kwenye mada ya elektroniki akachora mchoro wa ubaoni bila kuwahi kuishika daiodi yenyewe. Siku za mbalamwezi, wavuvi wa Kibirizi na Katonga wanapopumzika, ndipo taa huletwa kwa wingi kutengenezwa. Kabla hujagusa taa ya mteja, kaa kwanza mezani na vipande vyako.

Vitu vya kuweka mezani

Tafuta daiodi tatu na LED moja. Ya kwanza ni 1N4007, ile nyeusi yenye mstari wa kijivu upande mmoja. Hii huna haja ya kuinunua, kwa sababu imejaa kwenye bodi za chaja na redio zilizokufa. Ya pili ni 1N5819, inayofanana nayo kwa umbo lakini ni ya aina ya Schottky, inayokata volti chache zaidi ikiwa mbele. Ya tatu ni daiodi ya Zener ya volti 5.1, yaani 1N4733A, iliyotengenezwa ifunguke kinyume mahali panapojulikana. LED iwe nyekundu ya kawaida, yenye kichwa kisicho na rangi ukiipata. Nayo ni daiodi kamili na utaihitaji kwa jambo moja zuri.

Rezista ziwe tano: omu 100, kilo-omu 1, kilo-omu 10, kilo-omu 100 na mega-omu 1. Ile ya omu 100 iwe ya wati 5, zile nyeupe za umbo la tofali, kwa sababu itapata moto. Nyingine zote zinaweza kuwa zile ndogo za robo wati.

Umeme utoke kwenye betri ya volti 12, hata ile ndogo ya bodaboda. Kwenye ncha yake ya chanya weka fyuzi ya ampea 1 kabla ya kitu kingine chochote. Usiliruke hili. Betri ya asidi hata ikiwa ndogo inaweza kusukuma makumi ya ampea nyaya zikigusana, na waya mwembamba huwa mwekundu kwa moto kabla hujauachia. Umeme wa ukutani usiingie kabisa kwenye majaribio haya.

Mita iwe ya dijitali. Ile ya njano inayouzwa kila mahali inatosha.

Jambo la mwisho kabla ya kuanza: mstari kwenye mwili wa daiodi unaonyesha kathodi. Mguu wa pili ni anodi. Kwenye LED kathodi ni mguu mfupi. Anodi ikielekea chanya na kathodi hasi, daiodi ina biasi ya mbele. Ukigeuza, ina biasi ya nyuma.

Kilichomo ndani

Ndani ya ule mwili mweusi kuna chembe ya silikoni yenye pande mbili. Upande wa N umetiwa fosforasi kidogo sana, na kila atomu ya fosforasi huleta elektroni moja ya ziada isiyofungwa na atomu za jirani. Upande wa P umetiwa boroni, ambayo hupungukiwa elektroni moja, hivyo hubaki nafasi wazi inayoitwa tundu. Elektroni ya jirani inaweza kuhamia kwenye tundu hilo na kuacha tundu jingine ilikotoka, kwa hiyo tundu nalo hutembea, na huhesabiwa kama chaji chanya.

Pande hizo zinapokutana, elektroni za N zilizo karibu na mpaka huvuka na kuziba matundu ya P. Huko zilikotoka zinaacha atomu zenye chaji chanya. Huko zilikoingia atomu zinakuwa na chaji hasi. Atomu hizi hazitembei, zimefungwa ndani ya fuwele. Basi chaji hasi upande wa P huanza kuzisukuma nyuma elektroni nyingine zinazotaka kuvuka, mpaka safari inasimama. Katikati hubaki ukanda mwembamba usio na elektroni huru wala matundu. Tuuite eneo tupu. Kizuizi cha umeme kilichomo humo, kwa silikoni, ni karibu volti 0.6 hadi 0.7.

Ukilishika eneo tupu, umeishika daiodi. Biasi ya mbele hulibana na kukipunguza kizuizi. Biasi ya nyuma hulipanua na kukiongeza kizuizi. Hatua zote zinazofuata ni namna mbalimbali za kuliona eneo hilo kwa macho ya mita.

Hatua ya kwanza: daiodi bila betri

Weka mita kwenye volti za DC, kipimo cha milivolti 200, na ugusishe ncha zake kwenye miguu ya 1N4007. Itasoma sifuri. Mwanafunzi makini atauliza: si tumesema ndani kuna volti 0.6, mbona hazionekani? Ni swali la haki. Mahali ambapo chuma cha miguu kinagusana na silikoni huzaliwa tofauti nyingine za volti, na jumla ya zote ukizunguka saketi nzima ni sifuri. Isingeweza kuwa vinginevyo: kama daiodi ingetoa volti 0.6 ikiwa imelala mezani, tungeziunga ishirini kwa mfululizo na kuwasha taa milele bila betri.

Sifuri hiyo haimaanishi kwamba ndani kumetulia. Elektroni chache zenye nguvu ya joto huendelea kuruka kizuizi kuelekea P, na nyingine chache huchukuliwa na kizuizi chenyewe kurudi N. Idadi ni sawa pande zote mbili, ndiyo maana mita haioni kitu. Kumbuka usawa huo, kwa sababu biasi ni kitendo cha kuuvunja.

Sasa chukua ile LED nyekundu, weka mita kwenye volti 2 au 20, na utoke nayo kwenye jua la saa sita la Kigoma. Elekeza kichwa chake juani. Mita itaonyesha volti, na kwa mita nzuri inaweza kupita 1. Mwanga unapopiga eneo tupu hung'oa elektroni, na kizuizi kilichomo humo huzisukuma upande wa N huku matundu yakienda P. Hivi hivi ndivyo paneli ya sola iliyoko juu ya bati inavyofanya kazi: ni daiodi pana iliyofunuliwa kwa jua. Mwaka 1940 Russell Ohl wa Bell Labs, Marekani, alikuwa akipima kipande cha silikoni, akaona kinatoa volti kila kilipomulikwa. Kipande hicho kilikuwa na mpaka wa P na N ndani yake bila mtu kukusudia, na ndiyo njia ambayo mpaka huo ulijulikana.

Hatua ya pili: kipimo cha daiodi kwenye mita

Geuza kitufe hadi kwenye alama ya daiodi, ule mshale uliogota kwenye mstari. Ncha nyekundu kwenye anodi, nyeusi kwenye kathodi. Kwa 1N4007 utasoma namba kati ya 500 na 700; hizo ni milivolti. Mita inapitisha mkondo mdogo, karibu miliampea 1, kisha inakuonyesha daiodi imekata volti ngapi. Kwa 1N5819 namba itakuwa ndogo, kati ya 150 na 300. Hapo umeshajua kuitofautisha Schottky na ya kawaida hata maandishi yakiwa yamefutika. LED nyekundu huhitaji karibu 1,700 au zaidi, na mita nyingi za bei rahisi huonyesha kwamba imepita kiwango, ingawa LED yenyewe huweza kuwaka kidogo.

Geuza ncha. Daiodi nzima sasa itaonyesha "1" peke yake upande wa kushoto, au "OL", maana yake hakuna kinachopita.

Ikisoma sifuri au karibu na sifuri pande zote mbili, imeshoti. Ikionyesha "1" pande zote mbili, imekatika ndani. Nyingi zilizokufa kwa mkondo mkubwa huanza kwa kushoti. Moto ukiendelea ndipo hukatika. Ukipima daiodi ikiwa bado kwenye bodi, inua mguu wake mmoja kwanza, la sivyo utakuwa unapima kila kilichounganishwa nayo.

Mafundi wengi huishia hapa, na kwa kutafuta daiodi mbovu panatosha. Kwa kuchagua daiodi ya kuweka kwenye taa ya mtu hapatoshi hata kidogo, kwa sababu mita imekuonyesha nukta moja tu ya mstari mrefu.

Hatua ya tatu: biasi ya mbele, mikondo minne

Unga kwa mfululizo: chanya ya betri, fyuzi, rezista ya kilo-omu 100, anodi ya 1N4007, na kathodi irudi hasi ya betri. Usiunge daiodi kwenye betri bila rezista. Daiodi iliyo mbele haina namna ya kujizuia. Itachukua mkondo wote ambao betri inaweza kutoa mpaka kimojawapo kati yake na fyuzi kiungue.

Pima volti mara mbili, kwanza kwenye rezista, kisha kwenye daiodi. Mkondo usiupime kwa kuhamisha waya wa mita kwenye tundu la ampea. Huko ndiko fyuzi za mita nyingi zinakoungulia. Chukua volti za rezista, gawa kwa omu zake, umepata mkondo. Fanya hivyo kwa kila rezista. Betri ikiwa na volti 12.5, utakaribia namba hizi:

Kilo-omu 100: mkondo miliampea 0.12, daiodi volti 0.45.
Kilo-omu 10: mkondo miliampea 1.2, daiodi volti 0.57.
Kilo-omu 1: mkondo miliampea 12, daiodi volti 0.68.
Omu 100: mkondo miliampea 117, daiodi volti 0.79.

Zako zitapishana na hizi kidogo, na si kosa. Tazama mwendo wake. Mkondo umekua karibu mara elfu moja, kutoka miliampea 0.12 hadi 117, lakini volti za daiodi zimepanda kwa theluthi moja ya volti tu. Kila mkondo unapozidishwa kwa kumi, daiodi inaongeza kama volti 0.1. Hakuna mahali ambapo imelala halafu ghafla ikaamka. Ile 0.7 ya kwenye daftari ni namba ya mikondo ya kati tu: kwenye miliampea 0.12 daiodi imepitisha umeme ikiwa na 0.45, na kwenye ampea 1 kamili 1N4007 hukaribia 0.9. Rezista ya kawaida ingefanya vingine kabisa, ungezidisha mkondo kwa kumi na volti nazo zingezidi kwa kumi.

Sababu ni ule usawa wa hatua ya kwanza. Betri inapopunguza kizuizi, elektroni zenye nguvu ya kutosha kukiruka huongezeka kwa kuzidishana, si kwa kujumlishana. Punguza kizuizi kidogo, idadi inaruka mara kumi. Kipunguze tena kiasi hicho hicho, inaruka mara kumi nyingine.

Rudia kipimo cha kilo-omu 1 ukiwa na 1N5819. Utasoma karibu volti 0.2 hadi 0.25. Schottky haina mpaka wa P na N. Kizuizi chake kipo pale chuma kinapogusana na silikoni ya N, na ni kifupi zaidi.

Halafu weka LED. Nyekundu itakata volti 1.8 hadi 2. Ukipata nyeupe, itakata karibu 3. Ndiyo maana taa za volti 12 hupanga LED nyeupe tatu tatu kwa mfululizo: tatu zinakula kama 9, zinazobaki zinaachiwa rezista au kidhibiti.

Hatua ya nne: joto

Acha 1N4007 na rezista ya kilo-omu 1, mita ikiwa kwenye daiodi kwa kipimo cha volti 2. Bana mwili wa daiodi kwa vidole viwili bila kugusa miguu, na usubiri. Namba itashuka taratibu. Kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka, daiodi ya silikoni hupunguza karibu milivolti 2 kwa mkondo ule ule. Vidole vyako vinatosha kuishusha milivolti kumi hivi.

Jambo hili dogo lina madhara makubwa kwenye kazi. Wapo wanaochukua 1N4007 mbili, kila moja ya ampea 1, wakaziunga sambamba wakitumaini zitabeba ampea 2. Hazitagawana sawa. Yenye joto zaidi hukata volti chache, kwa hiyo huvutia mkondo zaidi, inazidi kupata moto, inavutia zaidi tena, mpaka ife. Kisha inayobaki inatwishwa mzigo wote peke yake. Ukitaka ampea 3, nunua daiodi moja ya ampea 3. 1N5408 ipo, na 1N5822 ipo kwa wanaotaka Schottky.

Hatua ya tano: kinyume

Geuza 1N4007, mstari wake uelekee chanya, ukibakiza rezista ya kilo-omu 1. Pima rezista: sifuri. Pima daiodi: volti zote za betri. Eneo tupu limepanuka na limebeba mzigo wote wa betri.

Je, hakuna kinachopita kabisa? Kinapita, ila mita yako haiwezi kukiona kwa njia ya kawaida. Ipo njia nyingine ya kukiona, nayo haigharimu kitu.

Kwanza ijue mita yako. Weka kipimo cha volti 20, unga rezista ya mega-omu 1 kwa mfululizo na ncha nyekundu, kisha pima betri kupitia rezista hiyo. Kama 12.5 imekuwa karibu 6.2, mita yako ina ukinzani wa mega-omu 1. Kama imeshuka kidogo tu hadi karibu 11.4, ina mega-omu 10.

Sasa itoe rezista, na mahali pake weka daiodi iliyogeuzwa: chanya ya betri, kathodi, anodi, ncha nyekundu ya mita, na ncha nyeusi kwenye hasi ya betri. Mkondo wowote unaovuja kupitia daiodi lazima upite ndani ya mita, na mita itausoma kama volti. Kwa mita ya mega-omu 1, kila milivolti 1 ni nanoampea 1, yaani sehemu moja ya bilioni ya ampea. Anza na kipimo cha volti 20, ukiona sifuri shuka hadi milivolti 200.

1N4007 nzima itaonyesha milivolti chache, pengine hata kidogo zaidi. Kiwandani huahidi tu kwamba haitazidi mikroampea 5 ikiwa kwenye volti zake zote 1,000 na joto la nyuzi 25. Kwa volti 12 inavuja kidogo kuliko hapo kwa mbali.

Sasa weka 1N5819, na kumbuka kurudi kwenye kipimo cha volti 20. Namba itapanda hadi volti kadhaa. Usidhani imekufa. Ndivyo Schottky zilivyo: kile kizuizi kifupi kinachoipunguzia gharama ikiwa mbele ndicho kinachoifanya ivuje zaidi ikiwa kinyume. Huwezi kupata kimoja bila kingine.

Ibane kwa vidole, au isogeze karibu na chuma cha kulehemu chenye moto bila kuigusa, uone namba ikipanda. Kwa daiodi ya silikoni mvujo huo huongezeka karibu mara mbili kwa kila nyuzi 10 za joto. Chanzo chake ni joto lenyewe, linalong'oa elektroni ndani ya eneo tupu, ndiyo maana kuongeza volti za kinyume hakuukuzi sana mvujo wa 1N4007, ila joto huukuza haraka. Boksi la chuma lililofungwa chini ya bati mchana si mahali pa kupima mvujo kwa namba zilizoandikwa za nyuzi 25.

Hatua ya sita: kuvunjika

Endelea kuongeza volti za kinyume na mwisho wake daiodi hufunguka. Kwa 1N4007 mwisho huo uko juu ya volti 1,000, na mezani kwako usijaribu kuufikia. Ndiyo kazi ya Zener: imetengenezwa ivunjike mapema, mahali panapojulikana.

Unga 1N4733A kinyume, kathodi kwenye rezista ya kilo-omu 1 inayotoka chanya. Pima daiodi. Badala ya volti 12.5 utaona karibu 5. Zilizobaki, kama 7.5, ziko kwenye rezista, na mkondo ni miliampea 7.5. Badilisha rezista uweke ya kilo-omu 10: mkondo utashuka karibu mara kumi, na volti za daiodi nazo zitalegea waziwazi chini ya 5. Hapo unaona kwamba 5.1 iliyoandikwa ni ya mkondo maalumu. Kwa 1N4733A ni miliampea 49. Anayeitumia kwa mkondo mdogo mno akitegemea 5.1 kamili atapata pungufu.

Igeuze mbele, nayo itakata volti karibu 0.7 kama daiodi nyingine yoyote ya silikoni.

Kuvunjika huku kuna njia mbili. Kwenye daiodi za chini ya volti 5 hivi, eneo tupu limefanywa jembamba sana, na nguvu ya umeme ndani yake huwa kubwa kiasi kwamba elektroni hupenya moja kwa moja kutoka P hadi N bila kukiruka kizuizi. Clarence Zener, mwanafizikia wa Marekani, alieleza upenyaji wa namna hiyo mwaka 1934. Kwenye daiodi za zaidi ya volti 6 hivi, elektroni moja hupata mwendo mkali ikagonga atomu na kung'oa nyingine, nazo zinagonga na kung'oa, kama moto wa nyasi za kiangazi unavyoruka shina hadi shina. Za volti 5 hadi 6 zina njia zote mbili kwa pamoja. Joto huzivuta njia hizo pande tofauti, moja ikishuka nyingine inapanda, kwa hiyo Zener za hapo katikati ndizo zinazotulia kuliko zote joto likibadilika.

Kuvunjika si kufa. Kinachoua ni moto: zidisha volti za daiodi kwa mkondo wake, upate wati, na usizidi kilichoandikwa. 1N4733A inastahimili wati 1. Ukiiweka moja kwa moja kwenye betri bila rezista itavuka kiwango hicho kabla hujaangalia mita.

Hapa pia ndipo penye jibu la swali ambalo huulizwa sana dukani: zina tofauti gani, 1N4001 na 1N4007, kama zote ni ampea 1 na umbo ni moja? Tofauti ni mahali pa kuvunjika. 1N4001 imehakikishwa kwa volti 50 za kinyume, 1N4007 kwa 1,000. Umeme wa nyumbani wa volti 230 hufika kilele cha karibu volti 325. Ukiupitisha kwenye daiodi moja yenye kapasita mbele yake, yaani kipande kinachohifadhi chaji, kapasita hukaa na 325 wakati umeme umegeuka upande wa pili kwa 325 nyingine, na daiodi inabeba jumla ya 650. Ukikuta 1N4007 imekufa kwenye chaja, usiweke 1N4001 kwa kuwa ndiyo uliyo nayo.

Hatua ya saba: kuipeleka kwenye taa

Chukua taa ya dagaa ya volti 12, wati 10. Inavuta karibu ampea 0.83. Ukiweka 1N4007 kwa mfululizo kwenye waya wa chanya, betri ikigeuzwa hakuna kitakachopita, taa iko salama. Lakini usiku mzima daiodi itakata karibu volti 0.9, na kugeuza robo tatu ya wati kuwa joto. Ni asilimia saba hivi ya betri ya mtu inayoishia kwenye kipande cheusi, na 1N4007 yenyewe inakuwa karibu na kiwango chake cha mwisho. Sikubaliani na ufundi huo. Mvuvi ameichaji betri hiyo kwa sola ya mchana mzima, na kila volti ina thamani kwake.

1N5822 mahali hapo hapo, Schottky ya ampea 3 na volti 40, itakata kama 0.35 hadi 0.4. Joto linakuwa theluthi moja ya wati. Mvujo wake wa kinyume ni mkubwa kuliko wa 1N4007, lakini kwenye taa haudhuru: mvujo mdogo hivyo hauunguzi LED. Volti 40 za kinyume ni nyingi mno kwa betri ya 12.

Ipo njia ya pili isiyokata volti hata kidogo. Weka fyuzi ya ampea 2 kwenye waya wa chanya, na baada ya fyuzi unga 1N5408 kati ya chanya na hasi, kathodi ikiwa upande wa chanya. Kwa kawaida iko kinyume, imelala. Betri ikigeuzwa, inajikuta mbele, inachukua mkondo wote, fyuzi inakatika, na taa haipati zaidi ya volti moja hivi ya kinyume kwa muda mfupi. Daiodi hapa lazima iwe na nguvu kuliko fyuzi: 1N5408 inastahimili pigo fupi la ampea 200, 1N4007 ni ampea 30 tu.

Kwa nyumba ya Mwanga au duka la Ujiji, ambako fyuzi ya akiba inaweza kukaa kwenye droo, napendekeza hii ya pili. Kwa mtumbwi napendekeza Schottky kwenye mfululizo. Fyuzi ikikatika saa nane za usiku katikati ya ziwa, mtu atafunga kipande cha waya mahali pake, na kinga yote imekwisha. Schottky haihitaji kubadilishwa: anayegeuza betri anaona taa haiwaki, anarudisha nyaya, kazi inaendelea.

Ukishalehemu, washa taa na upime volti za daiodi ikiwa imebeba mzigo. Kati ya 0.3 na 0.45 ni sawa. Ukisoma 0.8 au zaidi, umeuziwa silikoni ya kawaida kwa jina la Schottky, irudishe. Kisha geuza betri makusudi kwa dakika moja na uitazame taa: isiwake. Mita ikionyesha volti kwenye miguu ya taa, huo ni ule mvujo wa Schottky wa hatua ya tano. Hapo ndipo uzibe kwa gundi isiyopitisha maji na umkabidhi mwenyewe.